Tasfida na Uhai: Je, Kiswahili Kinaona Haya Kutaja Titi?

Wakereketwa wa Kiswahili watanisamehe iwapo makala haya yataanzia mahali ambapo kwa kawaida tunapita kwa kunyata. Yanahusu matiti: jinsi yanavyoota, muda yanaochukua kuota, na kinachotokea yanapooteshwa kwa dawa katika kifua cha mtu aliyezaliwa akaitwa mvulana na ambaye sasa anaishi kama mwanamke. Nimelitaja neno hilo mapema makusudi, ili anayetaka kulifunga jarida alifunge sasa, na atakayebaki asije akadai kwamba alivamiwa.

Sote tuliopitia madarasa ya isimujamii tumefundishwa tasfida. Tunajua kwamba mtu haendi kukojoa bali huenda haja ndogo, kwamba mwenye mimba ni mjamzito, na kwamba mwili wa binadamu, kuanzia kitovuni kwenda chini, una jina moja tu la jumla, yaani sehemu za siri. Katika mtihani mmoja wa shahada ya kwanza niliandika kurasa tatu nzima kuhusu umuhimu wa tasfida katika jamii, nikatuzwa alama nilizojivunia. Hakuna aliyeniuliza tasfida inagharimu nini. Swali hilo nililikuta nyumbani.

Nyumbani ni Nyansiongo, katika kaunti ya Nyamira, kwenye barabara itokayo Keroka kwenda Sotik. Asiyepajua apafikirie hivi: majani chai pande zote, kiwanda cha chai, baridi ya asubuhi inayong'ata vidole, na soko ambamo kila mtu anajua wewe ni mwana wa nani. Mji wa namna hiyo una uzuri wake, na una macho mengi.

Mnamo Desemba 2023, nikiwa likizoni, nilijiwa na mtu tuliyesoma naye shule ya msingi. Sitamtaja jina wala sitaeleza anakoishi. Alikuwa amerejea kwa mazishi, amevaa koti zito ambalo hakulivua hata jua lilipopanda. Tulipobaki wawili alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nyingi, ile inayokaa ndani ya pakiti ya tembe za kupanga uzazi. Ilikuwa ya Kiingereza, herufi zake ndogo kama mayai ya chawa.

"Mwalimu," akaniambia, maana kwetu kila aliyekwenda chuo kikuu ni mwalimu, "wewe ndiye mwenye lugha. Niambie, haya matiti yataota lini? Na nikimeza mbili mbili, si yataharakisha?"

Nilikohoa. Kisha nikasema kitu kuhusu "mabadiliko ya kimaumbile katika sehemu ya juu ya mwili". Naam, hayo ndiyo maneno niliyoyatamka, mimi mwenye shahada ya Kiswahili, mbele ya mtu niliyewahi kuchezea naye mpira wa karatasi. Alinitazama kwa huruma, akaikunja karatasi yake, tukazungumzia bei ya chai.

Machi 2024 alinipigia simu kutoka wodini. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia shavu la mguu hadi pajani. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa, na daktari alikuwa amemweleza kwamba bonge la damu kama hilo liking'oka na kufika mapafuni huweza kuua. Tangu Krismasi alikuwa akimeza tembe nne kwa siku. Alipona, baada ya miezi kadhaa ya dawa za kuzuia damu kuganda. Sidai kwamba sentensi yangu moja ingemwokoa. Huenda angezimeza hata hivyo. Ninachosema ni kwamba aliniuliza swali la Kiswahili, akanikosa.

Hebu basi nijaribu kumjibu sasa, hadharani, kwa lugha aliyoniuliza.

Titi halikuumbiwa mwanamke peke yake. Mtoto akiwa tumboni, awe wa kike au wa kiume, chuchu hujitengeneza kabla homoni za kiume hazijaanza kazi yake, na ndiyo sababu hata mzee wa ukoo mwenye sauti nzito ana chuchu mbili kifuani. Nyuma ya chuchu hizo mna vifereji vichache vilivyolala. Msichana anapobaleghe, homoni iitwayo estrojeni huviamsha. Wavulana wengi nao huvimba kidogo nyuma ya chuchu katika umri huo, wakaona haya kuvua shati mtoni, na uvimbe wao aghalabu hutoweka wenyewe. Kwa hivyo mwanamke aliyebadili jinsia anapopewa estrojeni, mwili wake hautengenezi kitu kigeni. Unakiamsha kilichokuwemo.

Kuamka huko hakuna haraka. Mwongozo wa chama cha wataalamu wa homoni cha Endocrine Society, uliotolewa mwaka 2017, unasema kwamba matiti huanza kuota kati ya mwezi wa 3 na wa 6 wa matibabu, na kwamba huchukua miaka 2 hadi 3 kufikia upeo wake. Kwanza hujitokeza fundo dogo gumu nyuma ya chuchu, mfano wa punje ya mahindi. Fundo hilo huuma. Nguo ikiligusa mtu hushtuka, na kulala kifudifudi huwa adhabu. Upande mmoja unaweza kuutangulia mwingine kwa wiki kadhaa, jambo ambalo huwatia wengi hofu bure. Baadaye duara linaloizunguka chuchu hupanuka na mafuta huanza kujaa chini ya ngozi. Madaktari wa Uingereza William Marshall na James Tanner, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1969, walizigawa hatua za kuota kwa matiti ya wasichana kuwa 5, na hatua hizo hizo ndizo zinazotumiwa hadi leo kumweleza mgonjwa amefika wapi.

Je, yatakuwa makubwa kiasi gani? Hapa ndipo ukweli unapouma kuliko fundo lenyewe. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali za Ulaya kwa wanawake 229 waliobadili jinsia. Baada ya mwaka 1 wa matibabu, tofauti baina ya mzingo wa kifua penye matiti na mzingo wa chini yake ilikuwa, kwa wastani, takriban sentimita 8, na karibu nusu yao hawakujaza hata sidiria ya kipimo kidogo kabisa. Sehemu kubwa ya ukuaji huo ilitokea katika miezi 6 ya kwanza. Tena kiasi cha estrojeni kilichopimwa katika damu hakikutabiri nani angepata matiti makubwa na nani madogo. Mpenzi msomaji, hapo ndipo lilipokuwa jibu la swali la rafiki yangu. Kumeza mbili mbili hakuharakishi chochote, na kumeza nne nne kunaharakisha jambo jingine.

Jambo hilo jingine ni damu kuganda. Tembe za kawaida za kupanga uzazi huwa na estrojeni ya kutengenezwa iitwayo ethinilestradioli, na mwongozo niliokwisha kuutaja unaonya isitumiwe kwa matibabu haya kwa sababu ya hatari hiyo. Inayotumiwa ni estradioli, ambayo inafanana na ile ya mwilini, pamoja na dawa ya kupunguza nguvu za homoni ya kiume, mathalani spironolaktoni, na damu hupimwa kila baada ya miezi 3 katika mwaka wa kwanza. Ama sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu, ambayo wengine huidunga wakitarajia kifua, haina estrojeni hata chembe. Yapo mengine mawili ambayo mtu anapaswa kuyajua kabla ya kumeza tembe ya kwanza. La kwanza, matiti yakishaota hayarudi ndani mtu anapoacha dawa. Kuyaondoa ni kazi ya kisu cha daktari. La pili, titi ni titi, na linaweza kupata saratani. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2019 uliowafuatilia wanawake 2,260 waliobadili jinsia uliwapata 15 wenye saratani ya matiti iliyosambaa nje ya vifereji, kiwango kilicho juu ya kile cha wanaume wengine na chini ya kile cha wanawake wengine. Kwa hiyo anayeota matiti hana budi pia kujifunza kuyapapasa na kuyakagua.

Nimeyasema hayo yote, na sikulazimika kuazima ila homoni na majina ya dawa. Titi, chuchu, fundo, kifereji, mshipa, kuganda, kuota: maneno haya anayajua mchuma chai wa Nyansiongo na anayajua mvuvi wa Lamu. Istilahi za kitaalamu nazo hazikuanza jana, kwani Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990. Kumbe siku ile ya Desemba sikuwa nimepungukiwa msamiati. Nilikuwa nimepungukiwa ujasiri, na ujasiri huo nilifunzwa kuuacha.

Huenda msomaji akasema kwamba hiyo ndiyo haya ya Kiafrika, na kwamba bila haya hatuna utu. Kwetu Ugusii haya hiyo ina jina, ensoni. Robert LeVine, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti Ugusii katika miaka ya 1950, aliieleza kwa kirefu: ni mpaka unaowekwa baina ya vizazi vinavyopakana, hivi kwamba baba na mwanawe hawazungumzii mambo ya mwili, wala mama na mwanawe. Nimelelewa ndani ya mpaka huo na sijautoroka. Hata sasa nikiandika naomba mama asilipate jarida hili. Ila ensoni haikuwa ukimya mtupu. Iligawa kazi. Lile ambalo mama hakuweza kulitamka, nyanya alilitamka, tena kwa mzaha na kicheko, kwa sababu baina ya nyanya na mjukuu mpaka huo hulegea. Nyanya yangu, aliyetulea kwa wimbi na amabere amaruranu, yale maziwa yetu yaliyoganda kibuyuni, aliyataja matiti ya wajukuu wake wa kike kama alivyovitaja viazi vya shambani: haya yamechelewa, haya yametangulia, haya yataka mvua. Hatukuwahi kumwona hana adabu.

Uswahilini nako walikuwako somo na kungwi. Mwari hakutolewa ndani kabla ya kuambiwa, kwa maneno yasiyofunikwa, mwili wake utamfanyia nini. Kwa hivyo mila ilikuwa na watu wawili, anayenyamaza na anayesema, na kila mmoja alijua zamu yake. Sisi tulipoichukua tasfida na kuifanya mada ya mtihani tulirithi nusu. Tulikwenda na ukimya wa mama hadi chuoni, nyanya tukamwacha nje ya lango.

Na kuna kichekesho humo. Taswira maarufu kuliko zote za lugha yetu ni titi. Shaaban Robert, katika shairi ambalo sidhani yupo mwanafunzi wa Kiswahili asiyelijua, aliilinganisha lugha ya mtu na titi la mama yake. Tumelighani kwenye makongamano mbele ya wageni waheshimiwa na hakuna aliyeinamisha uso. Watu wa pwani huita maziwa kile kinachonyonywa na pale kinaponyonywa, na Ekegusii kinasema amabere kwa vyote viwili. Mradi titi libaki ndani ya ushairi, linasifiwa. Likitoka humo likaingia kliniki, likaanza kuuma, tunatazama viatu vyetu.

Naja kwenye majina, maana hapa ndipo taaluma yetu inapohusika moja kwa moja na ndipo inapozembea. Vyombo vya habari husema "watu waliobadili jinsia". Rafiki yangu halipendi jina hilo. Anasema hakubadili chochote ila nguo na, Mungu akijalia, kifua. Wengine husema transijenda, neno ambalo masikioni mwangu bado linakwaruza, lakini hata homoni lilikwaruza siku zake za kwanza. Mitaani huitwa hanithi, ambalo ni jina la mwanamume asiye na nguvu za kiume na limekuwa tusi. Wengine husema huntha, ambaye ni mtu aliyezaliwa na maumbile ya jinsia zote mbili, hali tofauti kabisa, ambayo sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliihesabu kwa mara ya kwanza na kupata watu 1,524. Kuyachanganya maneno haya ni kosa la semantiki kabla hata halijawa kosa la adabu, na sisi ndio tunaojidai kuisoma semantiki. Mimi nimetumia "aliyebadili jinsia" kwa kuwa ndilo linaloeleweka na wengi. Atakayeniletea lililo bora nitamshukuru. Jambo moja la faraja ni kwamba sarufi yetu haina ugomvi na mtu huyu. Kiambishi a- hakimwulizi anayekuja iwapo ni mke au mume. Amekuja, amekaa, amekula.

Mahakama zimetutangulia. Mwaka 2014 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamuru Baraza la Mitihani la Taifa limpe Audrey Mbugua cheti kipya cha kidato cha nne chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Agosti 2025 Mahakama Kuu ya Eldoret ilimpa fidia ya shilingi milioni 1 mwanamke aliyebadili jinsia ambaye, baada ya kukamatwa mwaka 2019, alipekuliwa na kupimwa mwili bila ridhaa yake, na ikaielekeza serikali itunge sheria ya kuwalinda watu kama yeye. Ulimwenguni nako, uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 umeiondoa hali hii katika orodha ya magonjwa ya akili. Hukumu hizo mbili ziliandikwa kwa Kiingereza. Mtu wa Nyansiongo aliyetaka kujua zilisemaje alitegemea uvumi wa sokoni, na tunajua uvumi wa sokoni hutafsiri namna gani.

Mhadhiri mmoja ninayemheshimu alinishauri nitafute mada nyingine. Hakunikaripia. "Mwanangu," alisema, "haya ni ya watu wa tiba, na jarida lina wasomaji wa dini na rika mbalimbali." Hoja yake ya pili ni nzito na siipuuzi. Wapo watakaoyasoma haya huku wakiamini kwamba rafiki yangu amepotoka, na siwaombi waibadili imani yao kwa ajili ya makala ya kurasa chache. Nawauliza tu: mtu unayeamini amepotoka, hastahili kuambiwa kwa lugha anayoielewa kwamba tembe alizonazo mkononi zitaigandisha damu yake? Ama hoja ya kwanza, siikubali kabisa. Watu wa tiba wanaijua estrojeni. Hawakusomea namna ya kumweleza mtu wa Borabu kwa Kiswahili kisichomkimbia. Hiyo ni kazi yetu, na Katiba ya mwaka 2010, inayokiita Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi katika ibara ya 7, inampa mnunuzi katika ibara ya 46 haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidi alichokinunua. Maelezo ya dawa katika lugha ambayo mnunuzi hawezi kuisoma ni maelezo ya nani?

Pendekezo langu ni dogo. Kila mwaka madarasa yetu ya tafsiri hupewa vipande vya hadithi za Kizungu ambazo zimekwisha kutafsiriwa mara kadhaa. Tupewe badala yake zile karatasi za ndani ya pakiti za dawa, kuanzia hizi za homoni, na mtahini wa mwisho asiwe mhadhiri. Mwanafunzi aisome tafsiri yake mbele ya mama mboga au mwendesha bodaboda, na akiulizwa "maana yake nini?" zaidi ya mara tatu, arudie.

Mimi nimekwisha kufanya jaribio hilo mara moja. Nilipomaliza kuandika aya zile za jibu, nilimpelekea rafiki yangu kabla ya mtu mwingine yeyote. Sasa yuko chini ya daktari, anatumia estrojeni inayofyonzwa kupitia ngozi, ambayo hatari yake ya kugandisha damu ni ndogo zaidi, na anapimwa damu kama inavyopasa. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika penye fundo la nyuma ya chuchu alicheka hadi akashika kifua.

"Punje ya mahindi? Mwalimu, hapana. Ni kama kifungo cha koti kilichoshonewa ndani ya ngozi. Andika kifungo."

Punje nimeiacha pale juu kama nilivyoiandika mwanzo. Msomaji mwenye kalamu aifute, aandike kifungo.